Nyumba Mbili, Pensheni Moja

Mtaani walimwita Fundi Lifti, na jina lenyewe lilikuwa la utani, maana mtaa mzima haukuwa na jengo lenye zaidi ya ghorofa mbili. Aliyetaka kupanda alipanda ngazi. Lakini mzee huyo alikuwa ametumia miaka thelathini na moja ugenini akipandisha na kushusha watu wasiomjua, katika majengo ambayo ukiyatazama kutoka chini shingo inauma. Aliporudi na sanduku lake la spana na mgongo uliopinda kidogo upande wa kushoto, watu wakamuuliza huko alikuwa akifanya nini. Akawaambia. Basi jina likamganda.

Alikwenda ugenini akiwa na miaka thelathini na mbili, akaanzia chini kabisa, kwenye shimo la lifti, mahali ambapo mafuta, vumbi na vitu vinavyowaponyoka watu hukusanyika. Humo aliokota funguo, hereni, na meno ya bandia mara mbili. Baadaye akapandishwa hadi chumba cha mashine, juu ya paa, akawa mtu wa breki na nyaya. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja juu ya lifti na mwingine kwenye mashine, hawaonani, na sheria yake ya kwanza ni kwamba lifti haisogezwi hata kidogo mpaka kila mmoja aseme kwa sauti yuko wapi. Asiyesema hupoteza mkono, au humpotezea mwenzake. Fundi Lifti aliishika sheria hiyo miaka yote na akastaafu na mikono yake yote miwili. Nyumbani kwake ndiko alikoisahau.

Mkewe alimfuata ugenini mwaka wa pili, cherehani ikiwa ndani ya sanduku la nguo. Alishona mapazia. Alianza na ya majirani, halafu ya hoteli ndogo, mwishoni ya ofisi nzima, mita mia tatu kwa mkupuo. Walizaa mabinti wawili huko, wakawasomesha, wakawaoza. Mzee alipostaafu akarudi nyumbani kujenga. Mama akabaki. Ungemuuliza mzee kwa nini, angekujibu, "Anakuja." Alijibu hivyo kwa muda mrefu hata watu wenye adabu wakaacha kuuliza.

Pensheni yake iliingia tarehe ishirini na tano ya kila mwezi. Simu ililia mara moja, mzee akasoma ujumbe wa benki, akashusha pumzi, akaendelea na chai yake. Aliona kwamba mfuko wa pensheni wa huko ulikuwa unakata kodi kabla ya kutuma, lakini hakushangaa. Walimkata alipokuwa kijana, walimkata alipokuwa na watoto wadogo, kwa nini wamwache sasa? Kodi aliichukulia kama mvua, kwamba inakunyeshea pale ulipo. Hakujua kwamba mtu anaweza kunyeshewa mahali pawili kwa siku moja.

Basi asubuhi moja ya Oktoba bahasha ya kaki ikapenyezwa chini ya geti. Ilitoka ofisi ya mapato, si ya ugenini, ya hapa hapa. Akaisoma akiwa amesimama uani, na alipofika katikati akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba kwa kuwa anaishi hapa zaidi ya nusu ya kila mwaka, mapato yake yote yanatozwa kodi hapa, yawe ya ndani au ya nje, pensheni ikiwemo. Hilo peke yake lilitosha kumpandisha presha. Ukurasa wa pili ndio uliommaliza. Ulisema nchi hizi mbili zina mkataba, kwamba pensheni ya namna yake hutozwa mahali pamoja tu, pale mtu anapoishi, na kwamba ofisi za pande zote mbili hupeana taarifa. Sasa taarifa zimepeanwa. Ofisi ya kule inasema bwana huyu anaishi kule, nyumba moja na mkewe. Fomu aliyojaza hapa inasema anaishi hapa, nyumba moja na mkewe. Tafadhali fika utoe maelezo ndani ya siku thelathini.

Hebu fikiria. Kwa mujibu wa serikali mbili zenye mihuri, wazee hawa walikuwa wakilala na kuamka pamoja katika nyumba mbili zilizo mbali kwa saa tisa za ndege. Mapenzi ya namna hiyo hata kwenye nyimbo hayapo. Ukweli ni kwamba baba alikuwa peke yake huku, mama peke yake kule, na kwa miaka mitatu na miezi saba hawakuwa wamekaa meza moja.

Upande wa huku, mzee alijua vizuri nani aliyedanganya. Mwezi aliorudi alikwenda kujiandikisha, akapewa fomu, akaijaza akiwa kwenye foleni, akiegemea ukuta. Nyuma yake alisimama jirani yake mwenye duka la vioo, mtu mwema lakini mwenye macho marefu. Siku tatu kabla ya hapo mzee alikuwa amemwagiza dirisha kubwa la chumba cha nyuma, akamweleza kwamba mama anahitaji mwanga wa kushonea, na kwamba anakuja mwezi ujao. Sasa fomu ikauliza: je, mwenzi wako anaishi nawe katika anwani hii? Mzee alihisi pumzi ya mwenye vioo begani. Akaandika, ndiyo. Alidhani ni uongo wa mwezi mmoja.

Sasa mwezi mmoja umekuwa arobaini na tatu, na uongo umemfuata hadi getini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilivuka bahari na kurudi, lakini ilifika.

Barua akaificha chini ya kitambaa cha meza. Siku ya kwanza hakula mchana. Siku ya pili alinyanyuka kila geti lilipogongwa, akidhani ni askari. Alijiona amesimama mbele ya hakimu, yeye ambaye hajawahi hata kupanda basi bila nauli. Kichwani aliitenga pensheni na kuigawa. Huku wakate, kule wakate, kitabaki nini? Dawa za presha, umeme, mchango wa mwezi kwa dada yake mjane anayeishi nyumba ya pili. Kila alipogawa alipata jibu lile lile, na kila baada ya saa moja aligawa tena.

Dada yake ndiye aliyemgundua. Alikuja na bakuli la mboga, akamtazama anavyozunguka sebuleni.

"Wewe una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, dada."

"Huna kitu na shati umevaa ndani nje?"

Mzee akajitazama. Kweli. Dada mtu akavuta kiti, akakaa, na alipoweka bakuli mezani kitambaa kikateleza, bahasha ikaonekana. Akaitoa bila kuomba ruhusa, kwa sababu ndiye aliyemlea na hakuona sababu ya kuanza adabu leo. Alisoma akisogeza midomo. Alipomaliza akavua miwani.

"Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia," akasema. "Lakini hapa naona nyasi ndiyo iliyowaita fahali. Uliandika kwamba wifi yuko hapa?"

"Nilidhani atakuja."

"Ulidhani, au ulimwambia aje?"

Mzee akasema mboga zinapoa. Dada yake akachukua miwani yake, akaondoka. Kumbe swali lilikuwa limeingia. Lilikaa kifuani siku nzima, likampa shida kuliko barua.

Siku ya tano akapiga moyo konde akaenda. Ofisi ya mapato ilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha tisa ya vioo, viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja ili visiibiwe, na feni iliyogeuza kichwa taratibu bila kumfikia mtu yeyote. Akapewa namba, akaishika kwa mikono miwili. Alipoitwa dirisha namba nne, alimkuta binti wa umri wa mjukuu wake mkubwa kama angekuwa naye, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akapitisha barua kwenye upenyo. "Nimekuja kujisalimisha."

Binti akacheka, kisha akaona kwamba mzee hatanii, akaacha. Akasoma, akabonyeza kompyuta, akasoma tena.

"Mama yuko wapi kwa kweli?"

"Yuko kule."

"Na wewe uko hapa."

"Si unaniona."

"Mimi nakuona, baba, ila kompyuta inakuona kotekote." Akasogea karibu na kioo na kushusha sauti. "Sikiliza. Hili si geni. Watu wengi wanarudi na pensheni za nje, wanadhani kodi imeshakatwa kule yameisha. Kumbe kule wanakata kwa sababu kwao bado wewe ni mkazi. Ukithibitisha kwamba makazi yako ni hapa, tunakupa cheti cha ukaazi, unakipeleka kwenye mfuko wako, wao wanaacha kukata na wanarudisha walichokata kimakosa. Unabaki na kodi moja, ya hapa. Imeeleweka?"

"Imeeleweka. Nitafungwa?"

"Hakuna anayekufunga leo, baba."

"Leo?"

"Ni namna ya kusema tu," binti akasema haraka. "Ukieleza ukweli ndani ya muda, utalipa unachodaiwa basi. Ukinyamaza, au mkieleza vitu viwili tofauti, faili linakwenda kwa wakaguzi. Hapo mimi sina usemi. Na wakati huo wote pande zote mbili zinaendelea kukata."

Akampa fomu ya karatasi mbili, Maelezo ya Ukaazi. Akaeleza kwamba mume anajaza yake na mke anajaza yake, kila mtu kivyake, na mke ataituma moja kwa moja ofisini kwa baruapepe. Ni utaratibu, ili watu wasinakiliane. Mzee akaikunja mara nne kama mtu anayeficha hirizi.

Nyumbani akavaa miwani akaisoma. Maswali sita ya kwanza yalikuwa rahisi, ya majina, namba na anwani. La nane na kuendelea yalikuwa ya benki. Katikati palikuwa na swali la saba, na hilo lilimfanya avue miwani na kuipangusa ingawa haikuwa chafu. Liliandikwa hivi: *Tarehe ambayo wewe na mwenzi wako mliacha kuwa na makazi ya pamoja.*

Tuseme ukweli hapa, maana mzee mwenyewe hakuwa akijisemea. Aliogopa faini, ndiyo, na aliogopa kubaki na nusu pensheni. Lakini faini hulipwa ikaisha. Alichoogopa kwa dhati ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu, tena serikali mbili, alikuwa anamtaka yeye na mkewe waseme kama bado ni watu wa nyumba moja. Miaka mitatu na zaidi walikuwa wamepigiana simu kila Jumapili, wakazungumza presha, mabinti, bei ya vitambaa, bei ya saruji. Mama alisema, "Labda mwakani." Baba alisema, "Sawa, mwakani." Hakuna aliyeuliza mwaka gani. Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa tangu mwaka juzi. Chumba cha dirisha kubwa kilikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, na juu ya meza hiyo mzee alikuwa akianika vitunguu.

Jumapili akapiga. Nyuma ya sauti ya mkewe cherehani ilikuwa inakimbia, ikasimama.

"Mama Watoto, kuna barua imekuja."

"Na huku imekuja," mkewe akasema. "Nilikuwa nasubiri useme wewe kwanza."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Mzee akakaa kitandani. Wiki mbili mama alikuwa na moto huo peke yake, na Jumapili iliyopita walizungumzia vitambaa.

"Wanasema mimi naishi na wewe huko," akasema mzee.

"Niliandika mimi." Sauti ya mama ilikuwa imepungua. "Kila Januari manispaa wanaleta kadi, wanauliza watu wangapi wanaishi ndani. Mwaka wa kwanza nikaandika wawili, nilijua umekwenda kusimamia ujenzi. Mwaka wa pili jirani wa mlango wa pili akaniuliza, mzee harudi? Nikasema anarudi. Nikaandika wawili. Ukishaandika mara mbili, ya tatu mkono unaandika wenyewe."

"Mimi niliandika uko hapa."

"Mimi niko huko? Kwa nini?"

"Jirani mwenye duka la vioo alikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

Mkewe akacheka kidogo, kicheko cha pua ambacho mzee hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Kikamtia moyo, akakosea hapo hapo.

"Basi tupange," akasema. "Tuandike sawasawa. Swali la saba nitaweka siku niliyopanda ndege, kumi na nne Machi, na wewe weka hivyo hivyo."

Kicheko kikaisha. "Huko ofisini hawakukwambia kila mtu ajaze kivyake? Fomu niliyotumiwa imeandikwa hivyo."

"Waliniambia, lakini..."

"Basi jaza yako, Baba Watoto. Mimi nitajaza yangu. Tumeandika uongo wa kutosha."

Cherehani ikaanza tena, na mzee akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Akajaza yake siku hiyo hiyo, kumi na nne Machi, akaipeleka kesho yake asubuhi. Binti akasema watasubiri ya mama. Wakasubiri. Siku ya kumi na mbili fomu ya mama haikufika, siku ya kumi na tano haikufika. Jumapili mbili zilizofuata simu za mama zilikuwa fupi, za salamu na presha, na mzee hakuthubutu kuuliza. Tarehe ishirini na tano pensheni ikaingia, imekatwa kama kawaida, na saa hiyo hiyo akapokea ujumbe wa ofisi ya mapato wa kumkumbusha deni la hapa. Alikuwa ameanza kuamka alfajiri na kupiga hesabu kabla hata ya kunawa uso. Hata mwenye vioo alimwambia amekonda, akamuuliza mama anakuja lini, na mzee akamjibu kwa ukali ambao ulimwaibisha jioni nzima.

Siku ya ishirini na nne akapigiwa simu, aende. Alifika kabla ofisi haijafunguliwa, akasimama mlangoni na mlinzi. Binti wa dirisha namba nne alikuwa ameshaichapa fomu ya mama. Akaziweka fomu zote mbili ubavu kwa ubavu, akazigeuza upande wa mzee, akawa anateremka na kalamu.

"Moja hadi sita sawa. Anwani yake kule, anwani yako hapa, safi. Nane hadi mwisho sawa. Shida iko hapa."

Kalamu ikasimama kwenye saba. Kwa mwandiko wake wa kulala, mzee alikuwa ameandika kumi na nne Machi. Kwa mwandiko wa mama, herufi zilizosimama wima na kupangana vizuri, ilikuwa tisa Novemba, ya mwaka uliotangulia.

"Miezi minne kabla hujasafiri," binti akasema. "Atakuwa amechanganya. Watu wanachanganya sana tarehe. Tena ya kwako ina muhuri wa pasipoti, haina ubishi. Nimeshamwandalia karatasi ndogo ya kusahihisha. Nikimtumia sasa hivi na akitia saini, leo leo nafunga faili, wiki ijayo unapata cheti."

Mzee akainama karibu na kioo. Alikuwa anaitazama ile tisa.

"Baba?"

"Na nikichukua ya kwake?"

Binti akashangaa. "Ya kwake haina ushahidi. Mlikuwa bado chini ya paa moja, wakaguzi lazima watauliza. Faili litapanda juu. Miezi mitatu, minne. Na muda wote huo unakatwa huku na kule. Kwa nini uchukue ya kwake? Amekosea tu."

Tisa Novemba ilikuwa Alhamisi. Mzee alikuwa amebakiza wiki chache kazini, na mchana huo alipitia kwa wakala wa ndege akiwa bado na nguo za kazi. Alirudi nyumbani akafika mezani, mkewe anahesabu vishikizo vya pazia, akamwekea tiketi mbele yake kama mtu anayeleta zawadi. Mama akaifungua. Akaigeuza nyuma, akatazama tena ndani ya bahasha, kisha akasema neno moja, "Moja?" Na yeye akamjibu, huku akivua viatu, kwamba ya kwake watakata nyumba ikiisha, kwamba kwa sasa hakuna haja, kwamba mama ana kazi zake. Hakuwa amemuuliza kama anataka kurudi naye. Si siku ile, si kabla yake, si baadaye nyumba ilipokwisha. Wiki hiyo mama alihamishia godoro chumba cha cherehani, akasema ana oda kubwa na hataki kumsumbua usingizi. Mzee akasema sawa. Kwa miezi minne walipishana kwenye korido kama wapangaji, na yeye akajiambia ni oda kubwa, ingawa alikuwa anaona vitambaa havipungui wala haviongezeki.

"Hajakosea," akasema.

"Una uhakika, baba? Fikiria. Ni pesa yako."

"Nipe kalamu."

Akakata kumi na nne Machi kwa mstari mmoja. Akaandika juu yake tisa Novemba, akatia saini pembeni kama alivyoelekezwa. Binti aliitazama ile karatasi, akamtazama mzee, akapiga muhuri. Hakuuliza kulitokea nini. Akasema tu atajitahidi kulisukuma faili, na kwamba huko juu hawezi kuahidi kitu.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, watu walikuwa wakipanda na kushuka na mafaili yao. Mzee akajibanza pembeni ya nguzo na kupiga simu. Haikuwa Jumapili, na mkewe alipokea kwa haraka, kwa hofu.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimetoka ofisini. Namba saba zetu hazikulingana."

"Najua hazikulingana," mkewe akasema. "Wakinitumia barua ya kunitaka nisahihishe, sitatia saini."

"Hawatakutumia. Nimebadilisha yangu."

Ng'ambo ya pili mlango ulifungwa, kiti kikavutwa. Mzee akasikia mkewe anakaa.

"Kwa hiyo siku ile unaikumbuka."

"Naikumbuka."

"Mimi miaka yote hii nilikuwa najiambia, huyu mtu hajui alichofanya. Wanaume wako hivyo, mtu anakanyaga bila kutazama chini. Angejua angesema. Nilikuwa nakusamehe kwa hilo."

Hapo mzee angeweza kukaa kimya. Kimya alikizoea, kilikuwa kimemtumikia vizuri, na kama angekitumia mara moja hii ya mwisho mama angebaki na msamaha wake na yeye angebaki nao pia.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile ile. Nilipokuwa navua viatu nilijua."

Alipokwisha kulitamka akaona kwamba ni afadhali angekuwa mjinga. Alisubiri mkewe amtukane, au alie. Hakusikia kitu. Aliiondoa simu sikioni akaitazama, dakika zilikuwa bado zinahesabu. Mkewe hakuwa amekata.